Takwimu, Uhasibu na Mipango ya Afya: Tuwasaidieje Vijana Wetu Walioko Vyuoni?

(Mada iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa chama kwa niaba ya wanachama waishio Dar es Salaam)



Tumezoea katika mkutano huu kuzungumzia bati, saruji na mabomba ya maji. Kitu cha namna hiyo kikishajengwa, kila mchangiaji anaweza kwenda kukishika kwa mkono na kusema hapa pana mfuko wangu mmoja wa saruji. Mwaka huu kamati imetuomba tuzungumzie kitu kisichoshikika, nacho ni masomo ya vijana wetu walioko vyuoni, hasa yale matatu ambayo tunasikia yanawaangusha: takwimu, uhasibu na upangaji wa huduma za afya. Tumekubali, kwa kuwa wengi wetu katika kundi la Dar es Salaam tunakula kwa hesabu, na kwa kuwa simu za vijana hawa hutujia sisi kila mwisho wa muhula.

Tuanze na lugha, maana wazazi wengi hapa wanasikia maneno kwenye simu na hawaambiwi maana yake. Katika vyuo vyetu vingi, kazi na majaribio ya muhula hubeba alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho hubeba 60. Kijana akianguka anapewa mtihani wa marudio, ndio huo wanaouita sapu. Sapu si ada mpya, na mzazi akiambiwa atume hela ya sapu ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kuuza iliki. Akianguka zaidi anaondolewa chuoni, na hilo vijana wameliita disko, ingawa hatujamwona yeyote aliyerudi nyumbani akicheza. Bumu ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo kwa wale walioipata. Na desa ni makaratasi yaliyonakiliwa kwa wenzao waliotangulia, ambayo mtu hukariri usiku kucha bila kujua yametoka wapi.

Desa lina kiasi chake cha kusaidia. Kinachotutia hofu ni hatua inayofuata. Karibu na kila chuo kikubwa kuna steshenari, na katika baadhi yake mtu anaweza kupeleka swali la takwimu jioni na kuchukua jibu asubuhi, limechapwa, lina jedwali na mchoro wa rangi. Siku hizi hata kutembea hakuna haja, simu inaandika. Kijana anapata alama zake za muhula, kisha anaingia kwenye chumba cha mtihani, anakutana na zile alama 60 akiwa peke yake. Hapo ndipo sapu zinapotoka. Tumewasikiliza vijana kadhaa wa kwetu wakieleza jambo hili, na karibu wote hawakuanza kwa uvivu. Walianza kwa sababu somo lilifundishwa kwa mifano ya kampuni za mbali wasizozijua, kikokotoo hakuna, kompyuta ni ya kuazima kwa saa moja, na aibu ya kuuliza imewashika. (Kikokotoo tunachosema ni kile cha mkononi. Kile cha mafao ya wastaafu tutakizungumza siku nyingine, tena tukiwa tumekula.)

Hoja yetu leo ni hii: masomo haya matatu, ambayo chuoni hufundishwa na walimu watatu katika vyumba vitatu, kwa kweli ni kazi moja. Takwimu inakuambia nini kinatokea. Uhasibu unakuambia fedha imekwenda wapi. Mipango inaweka hayo mawili juu ya meza moja na kuuliza kama fedha inafuata ugonjwa. Mwanafunzi akiona hivyo, nusu ya ugumu huondoka. Na mifano ya kumwonyesha hivyo haiko Ulaya, iko kwetu.

Tuchukue Muheza. Kati ya mwaka 2005 na 2010 hospitali 11 katika nchi 9 za Afrika zilishiriki utafiti mmoja juu ya watoto wenye malaria kali. Teule, hospitali yetu ya pale Muheza, ilikuwa mojawapo, na ya Korogwe pia. Watoto wote walikuwa 5,425. Kwa kura, 2,712 walipewa sindano ya atesuneti na 2,713 wakapewa kwinini, dawa tuliyoijua tangu utotoni kwa kuziba masikio. Waliokufa katika kundi la atesuneti ni 230. Katika kundi la kwinini ni 297. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza atesuneti itumike kwa watoto wenye malaria kali.

Sasa vijana, chukueni kalamu. Gawa 230 kwa 2,712 upate asilimia 8.5. Gawa 297 kwa 2,713 upate asilimia 10.9. Tofauti ni karibu asilimia mbili na nusu. Mtu wa haraka atasema ni kidogo. Lakini geuza swali: ni watoto wangapi watibiwe kwa dawa mpya ili aokoke mmoja ambaye kwa kwinini angekufa? Ni kama 41. Wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya wakati wa masika huwaona 41 wa namna hiyo kabla masika hayajaisha. Swali la pili, ambalo ndilo hasa moyo wa somo la takwimu: je, tofauti hii haiwezi kuwa bahati tu? Ukifanya lile jaribio mnalofundishwa la kulinganisha viwango viwili, unakuta kwamba kama dawa zingekuwa sawa kabisa, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingetokea kwa bahati mara 2 hivi katika kila 1,000. Angalieni maneno hayo vizuri, kwa sababu hapo wengi hupoteza alama. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa 2 kwa 1,000 kwamba dawa ni sawa. Inasema kama zingekuwa sawa, basi ingekuwa hivyo. Na kwa nini walipiga kura badala ya daktari kuchagua? Kwa sababu daktari mwenye huruma angempa dawa mpya mtoto aliyezidiwa zaidi, na mwisho wa siku dawa mpya ingeonekana inaua.

Swali hilo moja, likifanywa kwa mkono, kwenye daftari, na namba zote za njiani zikionekana, lina thamani kuliko kurasa kumi za steshenari. Na kuna jambo jingine: kijana wa Bulwa anayelifanya anajua barabara ya kwenda Teule. Anajua mama anayeshuka na mtoto mgongoni. Namba 297 haimpiti hivihivi.

Tuje kwenye mipango, na hapa tutakaa kidogo maana ndipo uhasibu unapoingia. Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, ilianzisha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walifanya jambo ambalo ukilisikia unaona ni la kawaida sana: walihesabu watu wanakufa kwa nini, kisha wakafungua vitabu vya hesabu vya wilaya kuona fedha inatumika kwa nini. Kule Morogoro malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka yote ya uhai inayopotea kwa vifo vya mapema. Katika bajeti ya mwaka 1996 malaria ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilikuwa chini ya asilimia 4 ya miaka inayopotea, na kilipewa asilimia 22 ya fedha.

Hakuna aliyeiba hapo, ndugu zangu. Mkaguzi angepita, angekuta vocha zipo, urari unakubali, na angeondoka na hati safi. Fedha ilikuwa imefuata mazoea ya mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia ulikuwa umefuata wa kabla yake. Sisi wahasibu tunaijua sana bajeti ya namna hiyo: chukua ya mwaka jana, ongeza asilimia kumi, peleka. Kosa lilionekana pale tu kitabu cha vifo na kitabu cha fedha vilipofunguliwa siku moja, juu ya meza moja.

Wilaya zile zikapewa nyongeza ndogo, kama senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka, na zana rahisi za kupanga upya. Wahudumu wakafundishwa kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa peke yake. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilikuwa 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999. Mwaka 2000 vilikuwa 72. Mwanafunzi mzuri wa takwimu atanyoosha mkono na kuuliza: mwaka mmoja unatosha? Mvua je? Vyandarua je? Ni maswali halali, na mwalimu anayeyapenda atakupa alama. Lakini lile jambo la kulinganisha asilimia 30 na asilimia 5 halihitaji kusubiri mwaka wa pili.

Kuna zoezi la mipango ambalo kila kijana wa hapa angelifanya vizuri kuliko mwalimu wake. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na vyuoni bado wanafundishwa kupima huduma kwa umbali wa kilomita 5. Chora duara la kilomita 5 kwenye ramani kuzunguka zahanati. Kule Handeni au Dodoma duara hilo lina maana. Huku kwetu ramani haionyeshi bonde, wala utelezi wa njia inayopita kati ya mashamba ya chai na msitu, wala mto uliojaa. Kilomita 3 za kupanda na mjamzito kwenye machela si sawa na kilomita 3 za Muheza mjini. Basi kijana aandike hivyo kwenye kazi yake: apime kwa saa za kutembea, kiangazi na masika, kutoka kila kitongoji. Akifanya hivyo amepata kazi ya chuo ambayo haipo kwenye steshenari yoyote, na sisi tumepata karatasi ambayo diwani anaweza kuipeleka halmashauri.

Uhasibu tutaupitia haraka, si kwa kuwa ni mwepesi, ila kwa kuwa wengi wenu mnaufanya bila kuuita jina. Anayepima majani mabichi kwenye mizani ya shambani anaandika uzito kwenye daftari, na mwisho wa mwezi mchumaji analinganisha na alichoandikiwa yeye. Huo ni usuluhisho, ule ule ambao chuoni hufanywa kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki, na wanafunzi wanalia. Au tuchukue chama chetu. Leo hapa watu watatoa taslimu na wengine watatoa ahadi. Taslimu ni fedha. Ahadi ni wadaiwa. Ukiyajumlisha mambo hayo mawili katika mstari mmoja ukasema tumekusanya kiasi fulani, utajenga nusu ya nyumba. Tunasema hivi kwa heshima zote, na mweka hazina anacheka kwa sababu anayo orodha.

Lakini liko la uzito. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali imekuwa ikipeleka fedha za afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo, na vituo vinatakiwa kutoa hesabu kwa mfumo wa kompyuta. Ni hatua nzuri. Fedha haikwami tena njiani. Lakini katika zahanati nyingi za vijijini anayetakiwa kuandika hesabu hizo ni yule yule muuguzi au tabibu aliyezalisha usiku. Hakufundishwa leja, alifundishwa kutibu. Asipoandika vizuri, robo inayofuata fedha inaweza kuchelewa, na rafu ya dawa inakuwa tupu. Kwa hiyo tunapozungumzia kijana anayefaulu uhasibu kwa akili yake mwenyewe na kijana aliyenunua alama, tunazungumzia mtu atakayekaa kwenye kiti hicho, hapa milimani au kwingine. Kwenye kamati ya zahanati pia kuna wajumbe kutoka kwenu, wanaosainishwa taarifa. Wangapi wamewahi kuisoma mpaka chini?

Vilevile tuutazame Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao ulipoanza mwaka 2018 kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mtoto wa sekondari anaweza kugawa: 5,000 kwa mtu, kama 417 kwa mwezi. Kwa nini basi mfuko ulipata shida? Wengi walijiunga siku mgonjwa alipokwisha patikana ndani ya nyumba. Waliojiunga wakawa wagonjwa kuliko kijiji kizima, fedha ikaisha, dawa zikakosekana, wazima wakasema mnaona, tulijua. Hapo takwimu, uhasibu na mipango vimekutana kwenye sentensi moja. Mwanafunzi anayeweza kueleza mzunguko huo kwa namba za kijiji chake hatatafuta mtu wa kumwandikia.

Sasa tunachopendekeza. Kamati imekubali tuanzishe meza ya masomo wakati wa likizo ndefu za vyuo, ya wiki nne. Tunahitaji kompyuta nne zisizo mpya sana, vikokotoo vya kisayansi ishirini vya kuazimisha kama vitabu, vifurushi vya intaneti, na nauli ya wakufunzi kutoka Muheza kupanda hadi hapa. Wakufunzi wenyewe hawadai kitu. Ni wanachama: wahasibu, mtakwimu mmoja, na wauguzi wawili waliosomea usimamizi wa afya. Kati ya likizo na likizo, tutakuwa na zamu ya simu Jumamosi jioni, kijana akikwama anapiga na anaulizwa kwanza: umefika wapi mwenyewe? Asiyekuwa na cha kuonyesha hatafanyiwa. Hilo tumelikubali sote, hata kwa watoto wetu wa kuzaa, na tunajua litaleta manung'uniko ndani ya baadhi ya nyumba.

Mazoezi yatatoka hapa hapa. Daftari la fedha la chama la miaka mitatu iliyopita litatolewa, na wanafunzi wa uhasibu watalitengenezea urari na mizania, kisha taarifa yao itasomwa mbele ya mkutano huu mwakani, hata kama italeta maswali. Kwa upande wa zahanati, tutamwomba mganga mfawidhi, kwa kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya, jumla za kila mwezi peke yake. Vitabu vyenye majina ya wagonjwa havitaguswa na mwanafunzi. Jambo hilo lisifanyiwe mzaha: huku tunajuana sote, na ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Kwa upande wa ada tumeamua kutoa kidogo na kwa masharti. Fedha ya sapu haitatolewa na mfuko huu. Itakayotolewa ni kwa wale wa astashahada na stashahada wasio na mkopo, wanaotaka kumaliza ada ya muhula ili waruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Ada italipwa kwenye akaunti ya chuo kwa namba ya malipo, haitapitia mkononi mwa mwanafunzi wala mzazi. Tunaomba radhi kwa wazee watakaoona tunawashuku, lakini hata sisi wenyewe tutalipa kwa njia hiyo.

Wazazi mna sehemu yenu, nayo haina gharama. Mkipiga simu, msiulize tu kama amefaulu. Muulizeni wiki hii amefanya swali gani, na mwambieni awaeleze kwa Kisambaa au kwa Kibondei, kwa lugha mnayotumia jikoni. Kama ameelewa ataweza. Kama hakuelewa, mtasikia Kiingereza kingi.

Na ninyi vijana mliokaa nyuma kule karibu na mlango: msiondoke baada ya chakula. Walioko mwaka wa kwanza na wa pili wabaki waandikishe jina, chuo, na somo linalowasumbua. Mwandikishaji ni dada yetu wa kamati, hatasoma orodha hiyo kwa sauti.

Daftari la michango liko meza ya mbele, limegawanywa kurasa mbili, ya taslimu na ya ahadi. Kompyuta iliyotumika inapokelewa kama mchango na itathaminiwa siku hiyo hiyo mbele ya mtoaji, pamoja na uchakavu wake. Walioko mbali watumie akaunti ya chama iliyochapishwa nyuma ya kijitabu hiki na waandike neno MASOMO, ili mweka hazina asiichanganye na ya maji. Ahadi zinakusanywa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, na kikao cha kwanza cha meza ya masomo kitafanyika likizo inayofuata, kwenye darasa la mwisho upande wa juu, ambalo mwalimu mkuu ametukubalia tulitumie.